Kisanduku Kilichoamka Kimya

2 Februari

Shemeji Waya,

Kisanduku kimefika! Mleta mzigo hajamaliza hata kushuka ngazi, mimi nimeshakata gundi kwa mkasi na kujikwaruza kidole. Nimechomeka spika kama ulivyoelekeza, nikabonyeza kitufe, nikakaa mbele yake kama bwana harusi.

Zaidi ya mwaka tangu ule upasuaji wa koo, nimekuwa nikipanga maneno yangu ya kwanza siku nikipata sauti. Nilipanga mazito, ya kumliza mtu. Sasa unajua nilichoandika? Nilihisi joto, nikaandika: "Nani amezima feni?"

Na ikatoka sauti yangu! Yangu mwenyewe, ile ya redioni, ile uliyoikusanya kwenye kanda zote za mechi nilizotangaza ujanani. Nikaandika "goli", nikang'ang'ania herufi ya mwisho, nayo ikavutika, ikavutika, mpaka jirani akagonga ukuta: "Nani kafunga?"

Dada yako alikuwa anakunja nguo. Alipoisikia aliziweka chini, akatoka akaenda kusimama kwenye veranda, mgongo kwangu. Nadhani hakuipenda. Labda ina makelele mno kwa nyumba ndogo. Tuyaache hayo.

Kaa chini kwanza, maana hujasikia kubwa. Mkuu wa redio amekuja mwenyewe hapa nyumbani. Fainali ya kombe ni tarehe 28. Anataka nitangaze kipindi cha pili! Nilimjibu kwa kisanduku, "Nitafikiria," kwa maringo, na huku miguu inacheza chini ya meza.

Shemeji yako mwenye mdomo mpya,
Kipaza

4 Februari

Shemeji Kipaza,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya karakana nzima. Kwenye "nani amezima feni" mkuu wangu alitema chai.

Fainali! Nimefurahi mpaka naogopa. Kwa hiyo nisikilize, maana sasa tunaingia kwenye kazi.

Kisanduku chako kina tundu moja tu la waya. Ukichomeka spika, kisanduku ndiye mwenyeji: yeye ndiye anayetoa umeme, anayeuliza "nani mwenzangu?" na kuamrisha. Redioni mambo yanageuka. Pale waya utakwenda kwenye kompyuta ya studio, na kompyuta haikubali kuamrishwa, kwa hiyo kisanduku lazima kiwe mgeni, kikae kimya kisubiri kuulizwa. Ndani kuna kidhibiti kidogo, kama punje ya mchele, kinachojua kuwa vyote viwili. Kinachungulia aina ya waya, kinabadilika.

La pili ni usingizi. Ukikaa dakika kumi bila kukigusa, kinaandika kila kilichomo kichwani mwake kwenye hifadhi, kisha kinajizima kabisa ili betri isiishe. Ukibonyeza kitufe, kinasoma kile kilichoandika na kuendelea pale pale kilipoachia.

Nenda kajaribu redioni kabla ya siku yenyewe. Na kila kitakachotokea niambie, hata kama ni upuuzi. Hapa kuna wagonjwa wengine waliopoteza sauti wanaosubiri visanduku kama hicho. Wewe ndiye wa kwanza kukitoa nje ya karakana.

Kuhusu dada, muulize tu.

Shemeji yako,
Waya

10 Februari

Shemeji Waya,

Jaribio limekwenda vizuri sana. Vizuri kabisa. Walipiga makofi. Fundi mitambo wa studio, yule mama mwenye miwani miwili kichwani, anakusalimu.

Nimeshapanga vitufe vya majina ya wachezaji wote. Mshambuliaji wetu, wanamwita Kiberiti, nimempa kitufe kikubwa kuliko vyote.

Nina swali dogo, kwa udadisi tu. Hivi ule usingizi, mtu anaweza kuuondoa? Si kwamba una tatizo. Nauliza tu.

Wako,
Kipaza

11 Februari

Shemeji!

Walipiga makofi! Nimeruka mpaka nimegonga taa.

Usingizi siwezi kuuondoa, betri ingekuishia kabla ya mapumziko. Lakini kwa kuwa kinaamka vizuri hivyo, nimeamua kuutumia zaidi: nakutumia programu mpya inayokilaza baada ya dakika tano badala ya kumi. Betri itadumu mechi nzima na muda wa nyongeza. Iweke leo hii.

Nimemweleza mkuu wangu kwamba majaribio yamefaulu. Kesho tunaanza kufunga visanduku vya wale wagonjwa. Na yote ni kwa sababu yako.

Waya

15 Februari

Mdogo wangu,

Shemeji yako anakudanganya. Nakuandikia kwa simu yangu huku yeye yuko chumbani, usimwambie nimekuandikia. Au mwambie, nimechoka.

Siku ile ya jaribio nilikwenda naye. Asubuhi kisanduku kilizungumza vizuri nyumbani, kikalala mkobani njiani. Kufika, fundi mitambo akachomeka waya kwenye kompyuta yao. Mkuu wa redio amekaa, wafanyakazi wote wamejaa nyuma ya kioo, taa nyekundu ikawaka. Akaandika. Maneno yakatokea kwenye kioo cha kisanduku, nayasoma kwa macho yangu. Sauti hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Yule mama anaangalia kompyuta, anasema, "Sioni kitu kilichochomekwa hapa. Hakuna kitu." Na waya tunauona sote uko pale!

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mume wangu akajikaza kisabuni, akacheka kile kicheko chake kisichotoka. Mwishowe akakizima kabisa na kukiwasha upya, na kuwasha upya unajua ni muda wa kuchemsha chai. Ndipo kikasema. Wakapiga makofi, ndiyo. Yale makofi ya kumpa mtu pole.

Tangu hapo hakiachi kilale. Anakula kwa mkono mmoja, mwingine unagusagusa kitufe. Na wewe ulivyouwahisha usingizi ndiyo umetumaliza kabisa: sasa hata akienda kuoga ananipa zamu! Nimesimama mlangoni pa bafu nabonyeza herufi kama mwehu.

Nilimwuliza kwa nini asikwambie. Akaandika: "Akijua kina kosa, atakirudisha karakana." Kisha akaongeza: "Nimekaa kimya mwaka mzima. Sirudi huko."

Na lingine. Ile siku kilipofika nilitoka nje, naye akaona sikuipenda. Mdogo wangu, ile ndiyo sauti ya mtu niliyeolewa naye. Nilikuwa nimeshaanza kuisahau, na kusahau huko sikuwa nimemwambia mtu. Nikaona nisilie mbele yake. Sijamwambia mpaka leo. Sijui naanzia wapi.

Dada yako

16 Februari, asubuhi

Shemeji mwongo wewe,

Njoo nikukumbatie kisha nikupige! Nimejua. Usiulize nimejuaje, ndani ya nyumba yako kuna mtu mmoja tu mwenye akili timamu.

Kwanza: sikichukui. Umenisikia? Sauti iliyomo ni yako, mimi nimeitengenezea nyumba tu. Hata kikiungua, nitakuletea kingine.

Sasa sikia uhondo. Nilikaa mezani na pacha wa kisanduku chako. Nikakiacha kilale na spika. Kikiwa usingizini nikachomoa spika, nikachomeka waya wa kompyuta, nikakiamsha. Kimya! Nilipiga ukelele mpaka mkuu wa karakana akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

"Kuna nini?"

"Kimekataa!"

"Sasa unafurahia nini?"

"Kimekataa mbele yangu!"

Kosa linalojificha ndilo linaloua mafundi, shemeji. Hili nimelishika sikio. Kubadilika kutoka mwenyeji kuwa mgeni nilikupima, lakini kisanduku kikiwa macho. Usingizi niliupima, lakini waya ukiwa ule ule. Vyote viwili kwa pamoja, waya kubadilishwa kisanduku kikiwa kimelala, sikuwahi hata kufikiria. Nawe ndivyo unavyofanya kila siku: nyumbani spika, mkobani usingizi, redioni kompyuta. Kinaamka, kinasoma kumbukumbu yake, kinajikuta ni mwenyeji, basi kinaendelea na uenyeji wake. Kompyuta nayo ni mwenyeji. Wamekaa wawili, kila mmoja anasubiri mwenzake abishe hodi.

Nimesimamisha ufungaji wa visanduku vya wagonjwa. Mkuu alikunja uso. Kisha akavuta kiti akakaa kando yangu, na hadi sasa hajanyanyuka.

Unisaidie, kwa ukweli mtupu safari hii. Na muulize mkeo kwa nini alitoka nje.

Waya

16 Februari, jioni

Shemeji Waya,

Nisamehe. Nilikuwa na hofu ya mtoto mdogo.

Nimemwuliza. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama, nikaandika tu nikiwa nimegeukia ukuta, spika ikauliza kwa niaba yangu: "Kwa nini ulitoka?" Akanieleza. Yaliyofuata hayakuhusu, ila fahamu kwamba chakula kiliungua na hakuna aliyejali.

Sasa niamrishe. Nipe kazi! Nimesharuhusu kisanduku kilale na dada yako amestaafu zamu ya bafuni.

Kipaza, mkweli

19 Februari

Shemeji,

Programu mpya hii hapa. Sasa kikiamka, kabla ya kufanya lolote, kinachungulia waya. Kikikuta spika kinakuwa mwenyeji, kikikuta kompyuta kinakuwa mgeni. Kwangu kimeamka vizuri kila mara. Nenda redioni ukajaribu kila unavyojua wewe, na ukifurahi usifurahi kwanza, niandikie.

Waya

20 Februari

Shemeji!

Kimeamka studio kikazungumza! Mama wa miwani miwili alirusha karatasi juu. Nikamwambia kwa sauti yangu, "Mama, mimi si kitu kisichoonekana," akacheka mpaka akavua miwani yote.

Nilitaka niishie hapo, barua iwe tamu. Lakini nimeahidi ukweli, basi chukua: nilipofika nyumbani kikiwa kimelala, nikachomeka spika, nikakiamsha, kikaganda. Si kimya tu kama mwanzo. Kimeganda! Kioo hakisogei, vitufe vimekufa, taa inawaka tu inanitazama. Nimerudia mara kadhaa. Kutoka nyumbani kwenda redioni, safi. Kutoka redioni kuja nyumbani, kinaganda. Kila mara.

Nimekwambia siku ile ile kimeganda. Unaona nilivyobadilika?

Kipaza

23 Februari

Shemeji mpenzi wa ukweli,

"Kila mara" ndilo neno tamu kuliko yote katika kazi hii! Ungeniambia "mara moja moja" ningelia.

Tumekaa nacho, mimi na mkuu, tukila mikate juu ya nyaya. Tumeona. Kinapoamka kinachungulia waya, kinaona spika, kinavaa uenyeji. Lakini kichwani bado kimebeba kumbukumbu ya ugeni wa redioni, hakijauvua. Kinakuwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja, kinagombana chenyewe kwa chenyewe mpaka kinaganda. Mkuu akasema, "Ni kama mtu anayejaribu kuvaa suruali mpya juu ya ya zamani." Nikasema, "Basi tukivue kabla hakijalala!"

Ndivyo tulivyofanya. Sasa kikikaribia kulala kinaacha kazi yake ya sasa, iwe uenyeji au ugeni, kinakwenda kulala bila cheo chochote. Kinaamka bila cheo. Kinatazama waya. Ndipo kinavaa. Nimekijaribu kwenda na kurudi mpaka vidole vimechubuka na hakijaganda. Lakini mezani kwangu si uwanjani. Kikikukwamia siku ile, kizime ukiwashe upya, usione haya, watu watasubiri.

Programu hii hapa. Chonde, iweke mchana, ukiwa hujachoka.

Waya

27 Februari

Mdogo wangu,

Amekizungusha siku tatu: nyumbani, redioni, nyumbani, redioni. Hakijaganda. Mama wa studio ameanza kumwambia akija tena atamtoza kodi ya pango.

Kesho ndiyo kesho. Nimempigia pasi shati, akalivaa leo kulijaribu, akalikunja lote, nikapiga pasi tena. Anajifanya mtulivu. Amechomeka mswaki kwenye mfuko wa shati akidhani ni kalamu.

Sina hofu. Nasema uongo, ninayo. Sikiliza redio.

Dada yako

1 Machi

Shemeji Waya,

Najua ulisikia. Lakini redio haina macho, kwa hiyo acha nikusimulie ya ndani.

Wakati wa mapumziko tulikuwa sare ya bila bila. Nilikuwa kwenye korido ya uwanja na spika yangu ndogo, nabishana na mkuu wa redio kuhusu beki wetu wa kushoto, namwambia yule anatembea kama anatafuta funguo. Kisha wakaniita ndani ya kibanda cha matangazo, walikoihamishia kompyuta ya studio. Tangazo la sabuni, tangazo la mabati, salamu za wadhamini, mpaka kisanduku kikalala. Nilikiona kinafumba macho. Sikukigusa. Nilisema moyoni: leo ama zao ama zangu.

Mama wa miwani akachomoa spika, akachomeka waya wa studio. Refa akapuliza. Taa nyekundu. Nikabonyeza.

Kioo kikabaki cheusi. Mwenzangu wa mezani, yule mwenye sauti nyororo, akaegemea kipaza sauti tayari kunifunika. Dada yako alikuwa nyuma ya kioo, amekunja ngumi zote mbili mdomoni. Mpira umeshaanza, nasikia uwanja unaunguruma, na mimi natazama kipande cha plastiki.

Kisha taa ya kijani. Kompyuta ya studio ikalia "ting!" Mama wa miwani akainua kidole gumba. Nikaandika, na uwanja mzima, wale wote wenye redio masikioni, wakasikia:

"Samahani wasikilizaji, nilitoka kidogo. Tuendelee."

Nilisikia kelele, nikadhani tumefungwa. Kumbe walikuwa wananishangilia mimi.

Sikumbuki sana yaliyofuata. Vidole vilikimbia. Nilitangaza kona, nilitangaza tobo, nilitangaza kadi ya njano na nikamwonea huruma aliyepewa. Zikabaki dakika za lala salama. Winga wetu akapiga krosi ndefu, Kiberiti akaitua kwa kifua, akamgeuza beki, akaachia shuti. Nami nilitaka kusema kile nilichosema maisha yangu yote: mpira uko nyavuni. Nikaandika "nya", na kisanduku chako, kwa ile tabia uliyokifundisha ya kunimalizia maneno kwa kujifunza ninavyosema, kikanimalizia. Mimi sikutazama, macho yangu yako uwanjani! Nikang'ang'ania herufi ya mwisho kwa nguvu zangu zote:

"Kiberitiii! Nyanyaaaaaaaaaaa!"

Mwenzangu wa mezani alianguka kutoka kitini. Kweli, alianguka. Mama wa miwani alilala juu ya mitambo akitetemeka kwa kicheko. Nami nilipogundua nilichosema, wala sikusahihisha, maana uwanja wote ulikuwa umeshadaka: "Nyanyaaa! Nyanyaaa!" Tukashinda moja bila. Nyanya moja bila.

Nimefikiria ilikuwaje. Kanda zako za zamani zimejaa nyavu. Lakini tangu kisanduku kifike sikuzungumza nacho mpira sana. Nilizungumza nacho jikoni. Dada yako ananituma sokoni, anasema naleta nyanya zilizopondeka, nami nabisha kwamba nyanya ni nzima, ni yeye anayezibonyeza mno. Mabishano ya kila siku, ya raha, tuliyoyakosa mwaka mzima. Kikasikiliza. Kikaona huyu bwana neno lake kubwa ni nyanya.

Mkuu wako kaniandikia kwamba visanduku vya wale wengine vinaondoka wiki hii. Waambie watakaovipokea wasitafute maneno mazito ya kuanzia. Wabishane navyo kwanza.

Mchana huu mafundi wa gereji ya ng'ambo walikuwa wanacheza mpira barabarani wakati wa chakula, na ovaroli zao za mafuta. Mmoja akapiga, kipa akapitwa, ukapiga mlango wa gereji, wakanyanyua mikono wote: "Nyanyaaa!" Dada yako akafungua dirisha, akawajibu.

Nakujua, shemeji. Hapo ulipo umeshafungua programu, unatafuta ni wapi pa kurekebisha.

Hili usiliguse.

Kipaza